Kompyuta ndogo ya safari: Oraba inaipima kwa saa, wala si kwa bei

ORABA, Koboko – Lori lenye unga, sabuni au saruji likifika Oraba kutoka Arua, kinachoulizwa kwanza ni karatasi. Ankara, orodha ya mzigo, cheti cha asili ya bidhaa na tamko la forodha lazima vikubaliane, jina kwa jina na kilo kwa kilo. Kosa la tarakimu moja humrudisha wakala kwenye kompyuta yake. Kama kompyuta hiyo imebaki mezani Arua, lori hulala mpakani, dereva hula pesa ya njia, na mnunuzi aliyeko Yei hupiga simu kuuliza kulikoni.

Ndiyo maana kompyuta ndogo za kupakata, zile zinazoingia kwenye mkoba mmoja na daftari la risiti, ziliwavutia watu wa kazi za safari tangu zilipoanza kuuzwa kwa wingi duniani mwaka 2007 na 2008. Mawakala wa forodha walizitaka, wanunuzi wa ufuta na maharage walizitaka, na baada ya vita vya Sudan Kusini kuzuka upya Julai 2016 na kambi ya Bidi Bidi kufunguliwa katika wilaya jirani ya Yumbe mwezi uliofuata, wafanyakazi wa mashirika ya misaada nao wakawa na orodha za watu na mahitaji za kujaza wakiwa njiani.

Tatizo ni kwamba kompyuta ya aina hii huhukumiwa haraka mno. Mtu huiinua kwa mkono mmoja, husema ni nyepesi, huuliza bei, kisha hutoa pesa. Yanayomsumbua baadaye hayakuonekana dukani. Huonekana siku ya pili au ya tatu ya safari, umeme ukiwa haupo, jua likiwa utosini na afisa akiwa anasubiri hati.

Mahali penyewe

Oraba ni kituo cha mpaka katika wilaya ya Koboko, ambayo ilitengwa na Arua mwaka 2005. Ng'ambo yake ni Kaya, Sudan Kusini, njia ya kuelekea Yei. Mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nao hauko mbali, kwa hiyo mtu wa Koboko anaweza kuzungumza Kikakwa na ndugu zake wa nchi tatu bila kubadili lugha. Sokoni husikika pia Kilugbara, Kiarabu cha Juba, Kilingala na Kiswahili.

Barabara inayounganisha mipaka hii hutoka Vurra, upande wa Kongo, hupita Arua na Koboko hadi Oraba, jumla ya kilomita 92. Ilitiwa lami katikati ya miaka ya 2010. Kabla ya hapo ilikuwa barabara ya changarawe, na kila aliyesafiri nayo wakati wa kiangazi alifika akiwa na rangi moja na gari lake.

Kuhusu umeme, West Nile ilikaa nje ya gridi ya taifa ya Uganda hadi mwaka 2024. Kwa miaka mingi Arua ilitegemea kampuni ya WENRECo na jenereta yake ya mafuta mazito, kisha kuanzia 2012 ukaongezwa umeme wa maji kutoka Nyagak, megawati 3.5 tu kwa mkoa mzima. Waliokuwa mbali na nyaya hizo walitumia jenereta ndogo, sola, na vibanda vya kuchaji simu kwa malipo. Msomaji aliyezoea Nairobi au Dar es Salaam asome yanayofuata akikumbuka hali hiyo, kwa kuwa kompyuta zinazozungumziwa hapa zilibuniwa na watu waliodhani kila meza ina soketi ukutani.

Historia fupi ya mashine nyepesi

Kompyuta ya kwanza iliyopendwa kweli na wasafiri wa kikazi ilitoka mwaka 1983. Iliitwa TRS-80 Model 100. Ilikuwa na uzito wa kilo 1.4 hivi na kioo chake kilionyesha mistari minane tu, kila mmoja wa herufi 40. Waandishi wa habari wa Marekani waliipenda sana kwa sababu moja ambayo leo inaonekana kama hadithi: ilitumia betri nne ndogo za redio, zile za AA, na ikafanya kazi karibu saa 20. Betri zikiisha, mtu alikwenda dukani akanunua nyingine. Vibanda vya Oraba vinauza betri hizo hizo.

Miaka 13 baadaye, mwaka 1996, Toshiba ya Japani ilitoa Libretto, kompyuta kamili yenye uzito wa gramu 840. Ilikuwa ya kupendeza na ya ghali, ikabaki mikononi mwa wachache.

Mapinduzi yalikuja Juni 2007, pale kampuni ya Asus ya Taiwan ilipoonyesha Eee PC. Toleo la kwanza, 701, lilianza kuuzwa Oktoba mwaka huo. Kioo chake kilikuwa cha inchi 7, uzito gramu 920, kumbukumbu ya megabaiti 512, na mahali pa kuhifadhia kazi gigabaiti 4 tu. Haikutumia diski inayozunguka, bali vipande vya kumbukumbu kama vile vya flashi. Ilikuja na programu endeshi ya Linux iliyorahisishwa, na nchini Marekani iliuzwa dola 399.

Mwaka 2008 kampuni nyingine zilimiminika. HP ikatoa Mini-Note, Acer ikatoa Aspire One, Dell ikaleta Inspiron Mini 9, Samsung ikaja na NC10. Wengi wao walitumia prosesa mpya ya Intel iliyoitwa Atom, ambayo ilikula umeme kidogo. Jina la jumla likawa netibuku. Microsoft, iliyokuwa ikiwasukuma watu wahamie Vista, ililazimika kurefusha maisha ya Windows XP kwa ajili ya mashine hizo, kwa masharti kwamba ziwe dhaifu kiasi fulani: kumbukumbu isizidi gigabaiti moja, kioo kisizidi kipimo walichoweka. Sharti hilo halikumsaidia mtumiaji hata kidogo. Lilikuwa la kulinda soko la kompyuta kubwa.

Umeme wa lori

Sasa turudi Oraba, na kwenye jambo linaloamua kama kompyuta ya safari ni chombo cha kazi au ni mzigo.

Kompyuta ya kawaida ya kupakata ya miaka ile, yenye kioo cha inchi 15, ilikula wati 30 hadi 50 ikiwa kazini. Ndogo ilikula wati 10 hadi 15. Betri ya Eee PC 701 ilibeba takriban saa-wati 38. Gawa kwa 12, unapata saa tatu na ushee, na ndivyo ilivyokuwa. Saa tatu zinatosha kujaza matamko mawili ya forodha na kuandika barua. Hazitoshi kwa mtu aliyeondoka Arua alfajiri akitarajia kulala Yei.

Faida kubwa zaidi ya mashine ndogo haimo ndani ya betri yake. Imo katika urahisi wa kuilisha. Chukua betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 60. Kwa hesabu ya karatasi ina saa-wati 720. Lakini betri ya gari imetengenezwa kwa ajili ya kuwasha injini, na ukiikamua kupita nusu unaifupishia maisha. Zinabaki 360. Inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa ukutani, nayo hula sehemu yake, tuseme zinabaki 300. Kompyuta kubwa ya wati 40 itazimaliza kwa saa saba na nusu. Ndogo ya wati 12 itakaa nazo saa 25. Betri ni moja, na tofauti ni siku nzima ya kazi.

Baadhi ya netibuku zilikuwa na jambo jingine lililofichika nyuma ya chaja. Chaja ya Eee PC 900 na ya 1000 ilitoa volti 12, wakati za Acer Aspire One zilitoa 19. Mafundi waliiona ile 12 na macho yakawang'aa: si ndiyo volti ya gari? Hapa tahadhari inahitajika. Gari likiwa linanguruma, jenereta yake hupandisha volti hadi 14 na zaidi, na mashine iliyotarajia 12 inaweza kuungua. Njia salama ilikuwa chaja maalumu ya gari, ambayo hupokea volti zinazopanda na kushuka na kutoa volti iliyotulia.

Jambo la hatari zaidi ni lori lenyewe. Gari dogo lina volti 12, ila malori mengi makubwa yanayofika Oraba yana mfumo wa volti 24, betri mbili zilizofungwa pamoja. Inveta ya volti 12 ikichomekwa kwenye tundu la kiberiti la lori la volti 24 huenda ikafa papo hapo, na ikifa vibaya huondoka na chaja. Kabla ya kuchomeka, mtu amuulize dereva, kisha asome maandishi ya chini ya inveta. Zipo zinazopokea 12 na 24 zote mbili, na kwa anayeomba lifti kwenye malori, tofauti ya bei inafaa kulipwa.

Jua la bure, na kasoro yake

Mtu atasema: West Nile ina jua, kwa nini lisitumike? Samsung ilijiuliza swali hilo hilo. Mwaka 2011 ilileta Afrika, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza, netibuku iliyoitwa NC215S, ambayo mgongo wa kifuniko chake ulikuwa paneli ya sola. Kioo kilikuwa cha inchi 10.1. Kampuni ilisema saa mbili za jua zingempa mtumiaji saa moja ya kazi, na betri ikiwa imejaa ingeweza kudumu hadi saa 14 na nusu.

Kwa mtazamo wa kwanza hakuna mashine iliyoonekana kumfaa zaidi mtu wa Oraba. Lakini tazama paneli ilipowekwa. Ukiwa unafanya kazi, kifuniko kimesimama na mgongo wake unamtazama aliyekaa mbele yako, haulitazami jua la utosini. Ili ipate jua vizuri lazima uifunge na kuilaza nje. Kompyuta iliyolazwa juani hupata moto, na betri za lithiamu huchoka mapema zikipikwa. Tena, kuacha kompyuta peke yake juu ya paa la gari kwa saa mbili kwenye mpaka wenye watu wengi ni jambo la kufikiria mara mbili. Paneli ndogo ya kawaida juu ya paa na mashine kivulini ilifanya kazi ile ile bila mashaka hayo. Hata hivyo Samsung istahili sifa kwa jambo moja: ilikuwa miongoni mwa kampuni chache kubwa zilizoanza na swali la umeme badala ya kuanza na swali la bei.

Jua lina upande mwingine pia. Vioo vya kung'aa, kama vya Aspire One ya kwanza, vilikuwa vizuri ndani ya duka. Nje viligeuka kioo cha kujitazama: mtu aliona uso wake na kofia yake kuliko ankara. NC10 ilikuwa na kioo kisichong'aa, na ingawa dukani kilionekana kimefifia, mpakani kilisomeka. Waliolitatua jambo hili vizuri kabisa ni watengenezaji wa ile kompyuta ya shule ya XO, iliyoanza kuzalishwa Novemba 2007 na kupelekwa kwa wingi Rwanda. Kioo chake kiliweza kusomeka juani kwa rangi nyeusi na nyeupe, jua likisaidia badala ya kuharibu. Bahati mbaya haikuuzwa madukani kwa wafanyabiashara.

Kitufe kisichoonekana

Urefu wa kioo ndio uliowatesa watu kimya kimya. Eee PC 701 ilikuwa na nukta 800 kwa 480. Zilizofuata zilipanda hadi 1024 kwa 600. Programu nyingi za wakati ule ziliandikwa kwa kudhani kioo kina angalau nukta 768 kwenda chini. Matokeo yake, dirisha la kujaza taarifa lilifunguka na sehemu yake ya chini ikabaki nje ya kioo, na sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa na kitufe cha kukubali au kuhifadhi. Mtu alijaza kila kitu, akatafuta pa kubonyeza, hakupaona, akafunga kwa hasira. Kazi yote ikapotea.

Dawa zilikuwepo. Kwenye Linux, kushikilia kitufe cha Alt na kuburuta dirisha kulilisogeza juu. Kwenye Windows, kubonyeza kitufe cha Tab hadi kifike mahali pasipoonekana, kisha Enter, kulifanya kazi kama mtu alijua ni mara ngapi. Kwa fomu za kawaida hilo ni kero tu. Kwa tamko la forodha lenye thamani ya mzigo, kubonyeza kitu usichokiona ni kamari.

Uzito wa suala hili uliongezeka kuanzia 2012, wakati Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, ilipoanza kuhamia ASYCUDA World, toleo jipya la mfumo wa forodha uliotengenezwa na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo. Toleo hilo linatumia Java na linafanya kazi kupitia intaneti, kwa hiyo wakala halazimiki kukaa kwenye jengo moja na seva. Hiyo ilikuwa habari njema kwa mtu wa safari. Habari mbaya ni kwamba programu ya Java yenye fomu ndefu, ndani ya mashine ya Atom yenye gigabaiti moja, hutembea kama lori lililopakia kupita kiasi mlimani.

Vidole na tarakimu

Kazi ya mpakani ni ya tarakimu: kilo, bei, namba za gari, namba za kontena, namba ya ushuru yenye tarakimu nane. Kompyuta kubwa zina vitufe vya namba upande wa kulia, vilivyopangwa kama kikokotoo. Ndogo hazina. Watengenezaji walizificha namba hizo ndani ya herufi: ukibonyeza kitufe cha NumLk, J inakuwa 1, K inakuwa 2, L inakuwa 3, U inakuwa 4, I inakuwa 5, O inakuwa 6.

Ni rahisi kukibonyeza kitufe hicho bila kujua, hasa gari likiruka shimo. Mtu anaandika koboko na kioo kinaonyesha 26b626. Kwenye barua atacheka na kurekebisha. Kwenye neno la siri, ambalo huonekana kama nyota tupu, hacheki. Mfumo unakataa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na akaunti inafungwa. Ukikutana na neno la siri linalokataliwa bila sababu kwenye kompyuta ndogo, liandike kwanza mahali panapoonekana uone linatoka vipi, kisha ulifute.

Ukubwa wa vitufe wenyewe haukuwa tatizo kubwa kama ilivyosemwa. Vya 701 kweli vilikuwa vya vidole vya mtoto. Lakini vya HP Mini-Note na vya Samsung NC10 vilikuwa zaidi ya asilimia 90 ya vitufe vya kawaida, na mtu alizoea ndani ya siku moja.

Vumbi nalo halikosi la kusema. Diski inayozunguka haipendi kutikiswa, na feni huvuta vumbi ndani. Dell Mini 9 haikuwa na feni wala diski ya kuzunguka, kwa hiyo hakikuwepo kitu ndani yake kilichokuwa kikitembea. Kwa barabara ya changarawe, hiyo ilikuwa na thamani kuliko gigabaiti 160 za majirani zake. Wanunuzi wengi walitazama gigabaiti.

Mtandao wa nchi mbili

Simu na intaneti za mpakani zina mambo yake. Kabla Sudan Kusini haijapata namba yake ya +211 mwaka 2011, kampuni ya Gemtel ya Juba ilitumia namba ya Uganda, +256 477, na mtu aliyepigiwa simu kutoka Juba alidhani amepigiwa kutoka Kampala. Netibuku nyingi zilitumia modemu ya USB yenye laini ya simu ndani. Modemu hiyo hushika mnara wenye nguvu, na mnara wenye nguvu unaweza kuwa wa ng'ambo. Asiyeangalia jina la mtandao kabla ya kutuma hati aligundua salio limekwisha.

Tangu 1 Februari 2021 kuna jipya. Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma, kwa hiyo Oraba ikiwa saa tano asubuhi, Kaya ni saa nne. Mashariki ya Kongo ilikuwa hivyo tangu zamani. Simu au kompyuta inayojipangia saa kutoka kwenye mtandao inaweza kurudi nyuma saa nzima ikiwa juu ya meza ile ile. Barua pepe iliyotumwa ikiwa na saa ya Kaya, na risiti yenye saa ya Oraba, huonekana kana kwamba malipo yalifanyika baada ya mzigo kupita. Kuzima upangaji wa saa wa kujiendesha ni kazi ya dakika moja.

Kisha kuna flashi. Hati nyingi bado huchapishwa kwenye maduka ya kuchapa na kudurufu, na flashi inayochomekwa kila mahali hubeba kila ugonjwa. Kirusi cha Conficker, kilichotokea Novemba 2008, kilisambaa pia kwa njia hiyo na kilishambulia Windows. Netibuku za Linux kilizipita. Ajabu ni kwamba wanunuzi wengi walizifuta Linux na kuweka XP kwa sababu ndiyo waliyoizoea.

Zilivyotoweka, na kilichobaki

iPad ilipoingia sokoni Aprili 2010, umaarufu wa netibuku ulianza kushuka. Asus na Acer, kampuni mbili zilizokuwa mbele, ziliacha kuzitengeneza mwishoni mwa 2012. Windows XP iliachwa na Microsoft 8 Aprili 2014. Sababu iliyosemwa zaidi ni kwamba netibuku zilikuwa za polepole. Ni kweli, lakini ziliuzwa kama kompyuta za bei nafuu kwa watu wote, na mtu aliyekaa nyumbani karibu na soketi hakuwa na sababu ya kuvumilia kioo kidogo. Aliyekuwa na sababu ni yule wa barabarani, na yeye hakuwa mteja waliyemfikiria.

Leo sehemu kubwa ya kazi hizo hufanywa kwa simu, kuanzia kutuma picha ya ankara hadi kulipa. Simu haitoshi mtu anapojaza fomu ndefu au kulinganisha orodha mbili za mzigo, ndiyo maana kompyuta za inchi 11 hadi 13, nyingi zikiwa zimetumika kwanza katika maofisi na shule za ng'ambo, zina wateja. Jambo lililobadilika kwa faida ya msafiri ni chaja ya USB-C. Kompyuta nyingi za sasa huchajiwa kwa kebo ile ile ya simu, na betri ya akiba yenye nguvu ya kutosha inaweza kuiongezea kompyuta saa kadhaa bila inveta wala lori. Kwa anayenunua iliyotumika, tundu hilo litangulie urembo wote, lakini aulize kama linachaji, kwani mengine ni ya data tu.

Aulize pia umri wa programu. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi ndogo za zamani hazikubali Windows 11. Chromebook nazo zina tarehe ya mwisho ya kupokea maboresho, ambayo husomwa kwenye mipangilio yake kabla ya kulipa. Betri ijaribiwe kwa kuchomoa waya na kuitumia nusu saa dukani. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu. Kioo kitolewe nje mlangoni, juani. Fomu ndefu ifunguliwe, ionekane kama kitufe cha mwisho kinafikika.

Kuhusu ushuru, msafiri asitishike. Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kompyuta za kubebeka ziko chini ya namba 8471.30, na ushuru wa forodha ni asilimia sifuri. Sheria hiyo inahesabu kuwa ya kubebeka kompyuta yoyote isiyozidi kilo 10, kipimo ambacho mtu aliyewahi kubeba begi kutoka stendi ya Koboko atakistaajabia.

Ugumu uko kwenye kuvuka na kurudi. Anayevuka kwenda Kaya na kompyuta yake ya kazi aionyeshe kwa afisa wa forodha wa Oraba kabla ya kutoka, namba yake ya utambulisho iandikwe, na apewe karatasi au mhuri. Akirudi baada ya wiki mbili, karatasi hiyo ndiyo inayosema kwamba mashine haikununuliwa ng'ambo. Namba hiyo huandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya kompyuta, na vibandiko hufutika kwa jasho la mikono na vumbi. Ipigwe picha mapema, na picha ihifadhiwe kwenye simu.